Mama Bosi na Mashati ya Watoto wa Watu

Wenzangu tunaoishi nyumba za kupanga, tunaosikiana hata kikohozi ukutani, hadithi hii nawasimulia ninyi, na ninajisimulia mimi pia, kwa sababu nilikuwepo na nilinyamaza.

Alasiri moja ya Jumatano ua wetu ulikuwa umetulia. Nguo zilikuwa zimekauka kambani. Mama Bosi alikuwa barazani mbele ya cherehani yake, na binti yake wa miaka tisa, tuliyemwita Kadogo, alikuwa kwenye mkeka akichambua vifungo: vyeupe kopo hili, vya bluu kopo lile, vyenye matundu mawili mbali na vyenye manne. Kadogo alivipa vifungo majina ya walimu wake, kisha akawa anavigombeza kimoja kimoja kwa kuchelewa kazini. Mama yake alicheka bila kuinua kichwa. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu nachambua mchele, na nakumbuka niliwaza kwamba nikijaliwa watoto, nataka alasiri kama ile.

Ndipo akaingia mama muuza vyombo wa mtaa wa pili, amemshika mwanawe mkono. Shati la shule la mtoto lilikuwa limechanika kutoka kwapani hadi kiunoni. Sikio lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Mama Bosi, ni mwanao tena," alisema, hata kabla ya salamu. "Safari hii ni sikio."

Mama Bosi alisimama, akampa kiti chake mwenyewe, akaomba radhi kwa sauti ya chini. Kisha akamvua mtoto lile shati.

Hapa lazima niwaeleze ufundi wake, maana ndio uliotufikisha tulipofika. Mama Bosi hakutumia uzi wa dukani kwa kazi kama hiyo. Aliligeuza shati, akafumua pindo la ndani, akachomoa nyuzi za kitambaa kilekile, kisha akazifuma kwenye mpasuko, uzi juu, uzi chini, kwa uvumilivu wa kutisha. Pasi ikishapita, huwezi kujua palichanika wapi. Wateja wake walilipia kazi hiyo vizuri. Watoto waliopigwa na mwanawe aliwashonea bure, na siku ileile, ili kesho wafike shuleni wakiwa wazima. Mwalimu haoni kitu. Daftari la makosa halina kitu.

Muuza vyombo alipopewa shati likiwa bado na joto la pasi, aliutafuta ule mpasuko kwa vidole na hakuupata. Akacheka bila kupenda. "Mwanamke wewe una mikono," akasema. Lakini alipofika langoni aligeuka. "Shati limepona. Na sikio nalo nilivue nikuletee?"

Mama Bosi aliinama, akaanza kuokota mabaki ya nyuzi sakafuni.

Bosi alikuwa na miaka kumi na minne. Jina hilo alipewa na wapangaji waliotutangulia. Alipokuwa na miaka miwili alikuwa akimpiga kijiko kila aliyemnyima kitu, na watu wakubwa walicheka na kusema, bosi amekasirika, mpisheni. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuja nyumbani mara mbili kwa mwezi na zawadi mkononi, akasikiliza malalamiko ya mkewe huku anavua viatu, akasema mtoto wa kiume lazima awe na moto kidogo. Moto huo yeye hakuwahi kukaa nao wiki nzima.

Sitaki mdhani alikuwa mtoto mbaya tangu asubuhi hadi jioni. Alinibebea ndoo zangu za maji bila kuombwa. Aliigiza mwendo wa mwenye nyumba wetu mpaka tukashika mbavu. Ila akinyimwa kitu, uso wake ulifungwa kama duka, na hapo chochote kilicho karibu na mkono wake kilikuwa silaha. Alivunja vikombe, akavunja kioo cha dirisha, na siku moja alimsukuma mama yake hadi ukutani. Lakini aliyepata vipigo vingi ni Kadogo.

Chumba changu na chao vilitenganishwa na ukuta mmoja. Nilikuwa nasikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti ya mama ikimfundisha mtoto taratibu, kama mtu anayemsomesha hesabu.

"Ukiulizwa utasema nini?"

"Nilianguka."

"Wapi?"

"Kwenye ngazi ya choo."

"Sema tena. Usiangalie chini."

Ndugu msomaji, usiharakishe kumhukumu. Mimi nilikaa naye, nilijua anavyoumia. Siku moja nilimpelekea gauni langu alipunguze, akafunga mlango akanieleza mambo ambayo nadhani hakuwahi kumweleza mtu. Alisema alipojua ana mimba ya Bosi alilia wiki nzima. Hakuwa tayari, hakumtaka. "Na sasa naona kama alinisikia kutoka kule ndani," akasema. "Kila anapopiga mtoto wa mtu, najiona ni mimi nimepiga. Nitamshtaki vipi?"

Nikamuuliza kama anampenda. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

Alitoa sindano kinywani. "Akilala nampenda, mdogo wangu. Akifumbua macho naanza kuhesabu vikombe. Kuna siku naomba asirudi kutoka shule. Halafu akichelewa dakika kumi, natoka hadi barabarani bila viatu."

Nilisoma chuo. Nilijua kwamba machozi ya mimba hayamfanyi mtoto kuwa mpigaji. Ningeweza kumwambia hivyo, na kumwambia kwamba kuna watu waliosomea kuwasaidia watoto kama Bosi. Niliona haya kumfundisha mtu mzima kuliko mimi. Nilichukua gauni langu nikashukuru.

Jumamosi moja saa nne asubuhi Kadogo alikuwa akitazama katuni kwenye simu ya mama yake. Bosi alitaka simu. Kadogo akamwambia asubiri imalizike. Bosi akamfuata, naye akakimbilia chumba cha ndani na kushika ukingo wa mlango ili aufunge. Bosi aliuwahi. Ulikuwa mlango wa chuma, na aliubamiza kwa nguvu zake zote, mkono wa mdogo wake ukiwa bado pale.

Mama Bosi alikuwa barazani akimpima mteja. Mimi nilisikia mlango, halafu nikasikia sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtoto. Tulipofika, Bosi alikuwa amesimama katikati ya chumba. "Si nilimwambia anipe," alirudia, "si nilimwambia anipe." Kisha akatoka mbio, na ni yeye aliyetuletea pikipiki mbili. Moja ilimbeba mama na mtoto, nyingine ikanibeba mimi.

Mapokezini, Mama Bosi aliulizwa kimetokea nini. Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria: upepo umefunga mlango. Ndani tulimkuta daktari wa makamo mwenye sauti ya upole. Alifungua kanga tuliyokuwa tumeuviringishia mkono ule, akatazama, akasema kidole cha kati kitapona lakini cha pete kitakatwa ncha. Kisha akamwinamia mtoto akamuuliza ni nani aliyefunga mlango.

"Upepo," Kadogo akasema. "Nilikuwa nachungulia nje, upepo ukaja. Ni uzembe wangu." Hakuangalia chini. Na akatabasamu.

Mama yake aliliona lile tabasamu, akakaa sakafuni palepale.

"Si upepo, daktari," alisema. "Ni kaka yake. Na alipoumia huko nyuma hakuanguka, alikuwa kaka yake. Mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo."

Kadogo alimgeukia daktari, uso wake mdogo umejaa wasiwasi wa kumwokoa mama yake. "Mama amechoka," akasema. "Kaka hakuwepo. Alikwenda mpirani."

Hilo la mpira hakuna aliyemfundisha. Alilifuma mwenyewe.

Daktari aliwatazama mmoja mmoja, kisha akapiga simu kwa ofisa wa ustawi wa jamii. Ofisa huyo alikuwa kijana mwenye bidii, na kusema kweli alifanya kazi yake. Alikwenda shuleni, daftari la makosa halikuwa na jina la Bosi hata mara moja. Alimpigia simu baba, akaambiwa, "Mke wangu ana mawazo mengi siku hizi." Mama Bosi alimwongoza mwenyewe hadi kwa muuza vyombo, akamsihi yule mama aeleze kila kitu. Muuza vyombo alisema mambo ya watoto walishayamaliza. Aliposihiwa tena akaleta shati. Ofisa aliligeuza nje ndani, akalielekeza kwenye mwanga, hakuona popote palipochanika.

Kisha alikuja uani kwetu. Bosi alimwamkia kwa adabu, akamletea kiti, akasema siku ile alikuwa mpirani, neno alilolipata kwa mdogo wake. Aliposema hivyo alimtazama mama yake, kwa utulivu, kama mtu anayesubiri fundi amalizie kazi.

Mwisho ofisa aligonga kwangu. "Dada, wewe ni jirani wa ukuta. Uliona nini?"

Mama Bosi alikuwa amesimama nyuma yake, ananitazama. Nilifikiria polisi, nilifikiria kusimama mbele ya watu, nilifikiria Bosi na ndoo zangu. Nikasema, "Sikuona kitu." Na kuhusu kipigo chenyewe ilikuwa kweli. Sikuona. Nilisikia tu, kwa miaka miwili.

Uamuzi ulitoka baada ya siku tatu. Mama amebadilisha maelezo, ana kazi nyingi na hasira, na mtoto wa kike amekuwa akiumia mara kwa mara akiwa chini ya uangalizi wake. Kadogo akakae kwa mama yake mkubwa hadi uchunguzi ukamilike. Bosi hana alama yoyote mwilini, anaweza kubaki na mama yake.

Nilidhani Mama Bosi atapiga kelele. Alikunja nguo za Kadogo moja moja na kuzipanga kwenye mfuko. "Wamekosea," akaniambia, "lakini wamekosea vizuri. Angalau yeye ametoka." Kisha akautazama mlango ambao Bosi alikuwa amepita muda mfupi kabla, akauliza. "Na mimi naye tutakaa vipi?"

Jumapili ya pili alipata ruhusa ya kumtembelea binti yake, akaniomba nimsindikize. Mama mkubwa alitukaribisha, akatuacha sebuleni na mtoto. Mkono ulikuwa bado na bandeji. Kadogo alikaa karibu na mama yake, akamnong'oneza, lakini nilisikia.

"Mama, nilisema vizuri?"

Mama yake alimshika mashavu. "Hapana, mwanangu. Ulisema nilivyokufundisha, na nilikufundisha vibaya."

Kadogo hakuelewa. Midomo ilianza kumcheza. "Basi nitarekebisha," akasema. "Wakija tena nitasema vizuri zaidi. Wewe niambie tu niseme nini."

FUNZO

Wazazi wenzangu, na sisi ambao bado si wazazi lakini tuna masikio, mtoto anayepiga wenzake anahitaji msaada mapema, na msaada haupatikani mpaka kosa lake litajwe kwa jina lake. Mama Bosi alidhani anamkinga mwanawe. Kila alichokifuta ndicho ambacho siku moja angehitaji kukionyesha. Mtoto wa kiume alijifunza kwamba hakuna anachovunja kisichorekebishwa na mtu mwingine. Mtoto wa kike alijifunza kwamba maumivu yake ni siri ya nyumba. Wote wawili walifundishwa na mama mmoja aliyewapenda.

Mama, kumwogopa mtoto wako si dhambi, na kuna siku utatamani asirudi. Hilo halikufanyi kuwa mama mbaya. Lakini usiufunge mlango ukabaki na hofu hiyo peke yako. Mpeleke kwa mwalimu, kwa mshauri, kwa daktari, kabla hajakuzidi kimo. Baba, malezi si zawadi za mara mbili kwa mwezi. Nasi majirani, wa zamani na wa sasa, tuliocheka mtoto alipoinua kijiko, na kupokea mashati yetu na kwenda zetu, tuna sehemu yetu.

Mimi nilikwenda ofisini kwa yule ofisa kesho yake baada ya kutoka kwa Kadogo, nikamweleza yote niliyosikia ukutani. Aliandika ukurasa mzima. Kisha akaniambia kwamba maelezo ya mtoto mwenyewe hayajabadilika, na ndiyo yenye uzito. Akaniuliza kwa nini sikusema siku ile aliposimama mlangoni kwangu. Ningekuwa na jibu, ningewaandikia hapa.