Ukurasa Aliouruka Ramla

Kila asubuhi kabla ya shule, Ramla alifagia kiwanja, akachota maji bombani kwa jirani, kisha akampelekea Koko Nyota, bibi yake, maji ya moto ya kunawa. Tangu siku ya dhoruba aliongezewa kazi nyingine, nayo ndiyo aliyoichukia: kuzoa tope lililolundikana kwenye ukuta wa chumba cha Koko.

Dhoruba ile iliangusha miti mingi katika mtaa wao wa Kabondo, mjini Kisangani. Kwao iling'oa mti wa avoka uliokuwa nyuma ya nyumba, ukalala juu ya mtaro unaopeleka maji ya mvua bondeni. Sasa kila mvua iliponyesha, maji yalifika pale yakakwama, yakageuka na kuja moja kwa moja kwa Koko. Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali mabichi. Chini ulishaanza kulainika kama muhogo uliolowekwa.

Baba yake Ramla alikuwa mbali, Barumbu, kwenye biashara ya samaki. Wakata miti wote wa mjini walikuwa na kazi za majuma mawili. Tonton Rashidi, mdogo wake mama, alijaribu shoka. Alikata nusu siku, akapata malengelenge manne na kipande kimoja cha tawi.

"Bon, basi," akasema Mama Aïcha, mama yake Ramla. "Tunanunua msumeno wa injini. Miti mingine mitatu bado imesimama kiwanjani, na siku moja nayo itataka kukatwa."

Mama Aïcha alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo. Jumamosi, kabla ya kwenda dukani, alimtuma Ramla akauzungushie mti utepe wake wa kupimia nguo.

"Sentimita mia moja ishirini na tisa, Mama."

"Huo ni mzunguko. Unene wake je? Si mnafundishwa shuleni?"

Ramla alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na darasani hakuna aliyemshinda. Akagawanya kwa tatu na kidogo. "Arobaini na moja hivi."

Dukani walikuta misumeno ya kila aina. Tonton Rashidi alikwenda moja kwa moja kwenye mkubwa kuliko yote, ule wanaopasulia magogo msituni. Akaunyanyua kwa mikono miwili, mishipa ya shingo ikamtoka.

"Huu, dada! Huu ni wa wanaume."

"Wa wanaume gani? Wewe hata shoka limekushinda. Uteremshe kabla hujaangusha duka la watu." Mama Aïcha akamgeukia muuzaji. "Kuna wa kadiri?"

Muuzaji alimwonyesha mdogo kwanza, wa kukatia matawi. Upanga wake, yaani chuma kirefu ambacho mnyororo wa meno hukizunguka, ulikuwa wa sentimita thelathini. Kwa gogo lao ulikuwa mfupi. Wa kati ulikuwa na upanga wa sentimita arobaini na tano: ulipita unene wa mti, na mtu wa kawaida aliweza kuushika bila kuchoka upesi. Mama Aïcha akauchukua huo, pamoja na miwani ya kukinga macho na glavu nene. Katika boksi kulikuwa na kitabu cha maelezo cha Kifaransa.

Walipofika nyumbani, mama alikuwa na sare za shule za kumaliza siku hiyohiyo. Akamkabidhi Ramla kitabu. "Msomee tonton wako. Taratibu, ukurasa kwa ukurasa. Usiruke kitu."

Watoto wa majirani walijaa kiwanjani kutazama. Ramla aliketi juu ya kibao akasoma kwa sauti, akimfafanulia Tonton kila sentensi kwa Kiswahili. Alisoma vizuri.

"Upande wa juu wa upanga, meno ya mnyororo yatazame mbele."

"Mbele wapi?"

"Kwenye ncha, Tonton. Umeyageuza. Yanakutazama wewe."

Watoto wakacheka. Tonton akaugeuza mnyororo, akakaza skrubu ya pembeni.

"Sasa uvute kwa kidole. Usining'inie chini ya upanga, lakini ukiuvuta kwa mkono uzunguke. Ukilegea utachomoka. Ukibana sana utaungua."

Wakatia mafuta ya mnyororo kwenye tundu lake. Kisha Ramla akafunua ukurasa wa kumi na moja. Juu palikuwa na picha ya kopo la mafuta na maneno: *mélange deux temps*. Chini palikuwa na jedwali la tarakimu, na alama ya asilimia, na herufi ndogondogo ambazo hajawahi kuziona. Alisoma mara moja, hakuelewa. Akasoma mara ya pili. Jasho likamtoka puani.

"Na hapa kwenye injini?" Tonton aliuliza, ameshashika chupa ya petroli, ile wanayoiita esanse. "Tunatia nini?"

Watoto wote walikuwa wakimtazama yeye, wa kwanza darasani. Katika Kabondo injini karibu zote ni za moto, pikipiki za kubeba abiria, na zote hunywa esanse ya chupa inayouzwa kando ya barabara. Hakuna anayeuliza.

"Esanse," Ramla akasema. "Kama moto."

Koko Nyota, aliyekuwa ameketi mlangoni pake, akainua kichwa. "Moto ya marehemu babu yenu, zamani zile, ilikuwa inakunywa esanse na huile, yale mafuta mazito, pamoja. Ilitoa moshi, mtaa mzima unakohoa."

"Koko, hiyo ilikuwa zamani," Tonton akajibu. "Kitabu ndiyo kinajua. Si ndiyo, Ramla?"

Ramla akainamia kitabu. "Ndiyo," akasema, na kufunua ukurasa uliofuata.

Msumeno ukawaka kwa mvuto wa tatu. Mama Aïcha akatoka na kuwafukuza watoto hadi upande wa pili wa ua. Tonton alikata matawi kwa muda usiofika robo saa, vumbi jeupe la mbao likimrukia kifuani. Halafu sauti ikabadilika. Injini ikalia kwa sauti nyembamba, ikapiga mlio mmoja mkali wa chuma, ikanyamaza. Tonton akavuta kamba ya kuwashia. Haikwenda. Akaweka mguu, akavuta kwa nguvu zake zote. Ilikuwa kama imefungwa kwenye mwamba.

Gogo lilikuwa palepale juu ya mtaro, zima.

"Esanse ile!" Tonton akasema. "Imetiwa maji!"

Muuza esanse alikuwa Bonheur, mwanamke kijana aliyepanga chupa zake juu ya meza kwenye kona, mtoto mgongoni. Mama Aïcha hakungoja. Ramla alimfuata nyuma, na kila hatua ilikuwa nzito.

"Wewe Bonheur! Unatuuzia maji? Umeua mashine yangu!"

"Mama Aïcha, mimi? Maji?" Bonheur akamwaga tone la esanse kwenye kizibo, akakisogeza mbali na meza, akawasha kiberiti. Likawaka mara moja. "Maji yanawaka hivi?"

"Hiyo ni chupa nyingine. Mwizi ni mwizi."

Wenye moto waliokuwa wakingoja wakatazamana. Mmoja akarudisha chupa mezani, akaiwasha moto yake kwa teke, akaenda kununua mbele. Bonheur akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Ramla akajificha nyuma ya mama yake.

Jumapili mchana mvua ikaja. Ilinyesha kama inavyojua kunyesha Kisangani, bila kupumzika. Maji yakafika kwenye gogo, yakageuka. Wakachota kwa mabeseni, kwa sufuria, kwa ndoo, lakini waliyomwaga yalirudi. Wakamtoa Koko, wakatoa kitanda chake na sanduku lake la nguo. Kisha kona ya ukuta ikateremka polepole, bila kelele nyingi, kama mtu mzee anayekaa chini. Tofali moja, mawili, kumi. Kupitia tundu lile waliona mti wa avoka umelala mvuani.

Koko Nyota alitazama tu, mikono magotini. "Chumba hiki alinijengea marehemu," akasema.

Usingizi ulimhama Ramla. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na alivyozidi kulishika ndivyo lilivyozidi kuwa zito. Akajitetea moyoni: hata nikisema sasa, ukuta utasimama?

Jumatatu, Ramla alipotoka shule, alimkuta Papa Thierry kiwanjani. Alikuwa mpasua mbao wa Lubunga, ng'ambo ya mto, na Tonton alikuwa amevuka kwa pirogi, mtumbwi wa mtoni, kumsihi. Alikuwa amekwisha kuufungua msumeno juu ya gunia. Akaangaza tochi ndani ya silinda, akapitisha kidole.

"Imekauka," akasema. "Pistoni imejikwaruza ukutani. Mlichanganya huile kiasi gani kwenye esanse?"

"Huile? Huile tulitia ya mnyororo," Tonton akajibu.

"Hiyo ni ya nje. Nauliza ya ndani. Injini hii haina tumbo la kuwekea huile kama moto za siku hizi. Inakunywa kila kitu pamoja. Donc hamkuchanganya?"

"Kitabu hakikusema. Mtoto alisoma chote."

Papa Thierry akakuna ndevu. "Mimi Kifaransa hakinijui. Kama hakikusema, basi duka limewapa kitabu kibaya."

Mama Aïcha alikuwa ameshajifunga kitenge kiunoni. "Rashidi, rudisha mashine kwenye boksi. Naipeleka dukani sasa hivi. Wataniona!"

"Ukiipeleka, mama, hawatakupa nyingine leo," Papa Thierry akasema. "Watabishana nawe juma zima. Na mvua hii haibishani na mtu. Ukuta uliobaki hauna siku tatu."

"Waje waulipe ukuta!"

Ramla alimwona Koko ameketi chini ya veranda juu ya sanduku lake la nguo, kama msafiri asiyejua anakwenda wapi.

"Mama, usiende." Sauti ilitoka ndogo. "Kitabu kinasema. Ukurasa wa kumi na moja. Sikuuelewa. Nikasema esanse tu."

Mama Aïcha akakifungua kitabu, akasoma akiwa amesimama. Akasoma tena.

"Na Bonheur nimemwita mwizi," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Ukanitazama."

"Ndiyo, Mama."

Ramla alingoja kofi. Mama alimpa kitabu. "Soma. Kwa sauti. Unapokwama, sema umekwama."

Ramla akasoma huku akilia. Alifasiri *mélange* kuwa mchanganyiko wa esanse na huile; kwenye asilimia mbili akasema, "Hapa nimekwama." Mama akamkumbusha: mbili katika kila mia. Papa Thierry akatoa mfukoni sirinji ya famasi isiyo na sindano. "Mimi sijui asilimia, najua hii. Lita moja ya esanse, sirinji hii ya mililita ishirini, mara moja. Huile ya injini ya namna hii, siyo ya moto. Unatikisa chupa, ndipo unatia."

"Ishirini katika elfu," Ramla akasema, akipangusa pua. "Ni asilimia mbili."

"Ee, kumbe tunasema jambo moja."

Papa Thierry aliusugua ukuta wa silinda kwa msasa laini mpaka ukang'aa, akavuka mto kutafuta pistoni na pete yake kwa wenzake. Jumanne akavifunga. Jumatano msumeno ukawaka, ukitoa moshi mwembamba wa buluu. Koko akakohoa kwa furaha. "Huo ndio moshi wenyewe!" Tonton alikata gogo vipande, Papa Thierry akimwongoza asimame wapi lisimbane. Walipolivingirisha pande la mwisho, maji yaliyosimama mtaroni yakashtuka, yakaanza kuteremka bondeni. Ukuta ulibaki na tundu lake. Kuujenga upya kungehitaji siku za jua na matofali mapya, na Koko angelala sebuleni hadi wakati huo.

"Sasa twende," Mama Aïcha akamwambia Ramla.

Kwenye kona, Bonheur aliwaona wakija, akaanza kuondoa chupa zake mezani.

"Bonheur, acha," Mama akasema. "Nilikutukana bure. Nisamehe. Na huyu ana lake."

Ramla akanong'ona kitu akitazama miguu yake.

"Sisikii," Bonheur akasema. "Mimi nilitukanwa kwa sauti, mbele ya watu. Semeni kwa sauti, mbele ya watu."

Wenye moto watatu walikuwa pale, wamekaa juu ya pikipiki zao. Ramla akainua kichwa.

"Esanse ya Bonheur haikuwa na maji! Mimi ndiye sikuelewa kitabu, nikadanganya kwamba nimeelewa!"

Mmoja wa wale wenye moto akapiga mluzi. Mwingine akasema, "Haya, Bonheur, nipe mbili." Bonheur hakucheka, lakini alizirudisha chupa zake mezani, moja moja.

Waliporudi, Mama Aïcha alitembea upesi kama kawaida yake, Ramla akikimbia kidogo ili wawe sambamba.

"Kosa moja ni langu," mama akasema. "Kazi ya mtu mzima nilimpa mtoto, nami macho ninayo. Hilo nitalibeba mimi. Lako ni jingine, lisikie vizuri. Kutoelewa ukurasa si aibu. Ungesema 'sijui', tungeuliza, tungemaliza Jumamosi ileile. Ulisema unajua, na mashine ikaharibika. Ukanyamaza, na mwenzako akaitwa mwizi. Ukazidi kunyamaza, na bibi yako akakosa chumba. Neno ni lilelile moja, Ramla. Kila siku uliyolificha, mtu mwingine ndiye aliyelilipia."

"Nimesikia, Mama."

"Sawa. Kavue sare. Matofali ya Koko hayajifyatui yenyewe."