Kadi Kumi na Nne za Opal

Kila alasiri, Opal Haskett alipotoka shule alipanda tramu hadi studio alikofanya kazi mama yake, akanawa mikono mpaka viwiko, kisha akaketi kimya karibu na meza ya kukatia filamu. Mama yake, Verna, alikata vipande kwa mkasi, akaviunga kwa gundi, na vilivyobaki akavitundika kwenye vigingi kama nguo mbichi. Opal alikuwa na miaka kumi na miwili. Alijua kwamba filamu haiguswi na vidole vyenye siagi ya karanga.

Wiki ile mama hakuwa na raha. Alikuwa akiunga filamu ya kuchekesha ya majambazi, na mkubwa wake, Bwana Stroud, alikuwa mlangoni kila saa.

"Verna, dada, onyesho la majaribio likiharibika, kazi hii nampa mtu mwingine," alisema. "Nawe utarudi kule chini kuosha filamu za wenzio."

"Nimekusikia, Bwana Stroud."

"Usinisikie. Fanya wacheke!"

Onyesho lenyewe lilifanyika Jumatano, saa moja jioni, katika sinema moja ya mji wa Glendale. Watu hawakuambiwa wataona filamu gani. Walipomaliza, kila mmoja alipewa kadi aandike maoni yake, na kadi hizo ndizo zilizoamua nini kikatwe na nini kibaki. Opal alipewa kazi ya kugawa penseli na kupokea kadi kwenye ukumbi wa mbele. Humo ndani hakuingia, lakini alisikia kicheko kikitikisa milango. Alifurahi mpaka akaruka.

Watu walitoka, wakaandika, wakaenda zao. Mama alikuwa bado ndani akikusanya mikebe ya filamu. Opal akaanza kusoma.

"Sikuelewa kitu." "Kwa nini wanaume wazima wanafukuzana kwa ajili ya kiti?" "Mwisho wake ni wazimu."

Kadi kumi na nne zilikuwa za namna hiyo. Opal alihisi masikio yanamwaka. Si hawa hawa waliokuwa wakicheka sasa hivi? Wamecheka wakashiba, halafu wanamponza mama yake! Akazisukuma kadi zile ndani ya mkoba wa shule. Akachukua kadi kumi na nne tupu, akaandika upesi, nyingine kwa mkono wa kushoto: "Msibadilishe chochote!" "Kile kiti kimenivunja mbavu!"

Kesho yake Bwana Stroud alikuja akitabasamu. "Watu wamekipenda kiti! Refusha zile mbio za kiti, Verna. Chumba cha daktari wa meno, kipunguze."

Mama alirefusha, akapunguza, akatazama, akabandua, akaunga tena. Alifanya hivyo mara sita. Mara ya saba alitupa mkasi mezani kwa kishindo.

"Mimi nilikaa nyuma yao, Opal! Niliwaona wanaulizana, wanageukiana. Walipotea mahali, naapa. Sasa kadi zinasema wameipenda yote. Nani mwongo, macho yangu au kadi?"

Opal aliinamia daftari lake. Hesabu moja aliifanya mara nne, na kila mara jibu lilikuja tofauti.

Usiku ule supu ya maharagwe ilipoa mezani. "Labda kazi hii imenishinda, mwanangu," mama alisema.

Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja wa shule, Maybelle wa darasa lake, aliyekuwa kwenye onyesho lile na baba yake, alimngoja akiwa ameshika kiuno.

"We Opal! Ile filamu ya mama yako, baba anasema ni ya vichaa watupu. Eti watu na bastola zao wanagombania kiti!"

"Mbona mlicheka? Niliwasikia kwa masikio yangu!"

"Tulicheka, ndiyo! Yule jambazi alipomwambia daktari, 'Nikipiga kelele hata mara moja, wewe ni maiti,' na daktari akamjibu, 'Basi lipa kwanza, bwana,' baba karibu aanguke. Ukumbi mzima ulivuma. Nani angesikia kilichofuata? Kwani daktari alisema nini?"

"Kwamba fedha za wizi zimeshonwa ndani ya kile kiti."

Maybelle aliachia kiuno. "Aa! Kumbe! Sasa si mngetuambia?"

Opal alisimama kama aliyemwagiwa maji. Siku ile tramu ilimwendea polepole kuliko siku zote. Alipofika, hata mikono hakunawa. Alizitoa kadi kumi na nne mkobani, akaziweka mbele ya mama yake, akaeleza yote huku akilia.

Uso wa mama ulikaza. "Siku mbili, Opal. Siku mbili nimejiona mjinga." Kisha akazisoma kadi moja moja. Ya tisa ilisema, "Jirani yangu alicheka mno, nikakosa maneno." Akairudia.

"Hawasemi haichekeshi," alinong'ona. "Inachekesha kiasi kwamba kicheko kinayafunika maneno! Lakini kwanza, twende kwa Bwana Stroud. Utasema wewe."

Opal alisema. Bwana Stroud alipiga meza hata wino ukaruka. "Mtoto huyu asikanyage tena onyesho langu! Nawe Verna, mpaka Jumanne. Hakuna siku ya ziada."

Mama alirudisha chumba cha daktari chote. Kisha, baada ya lile jibu la daktari, aliunga kipande kilichokuwa kimetupwa: jambazi anapekua mifuko yake polepole, mmoja baada ya mwingine, bila neno. Kicheko kipate nafasi ya kwisha.

Jumanne jioni Opal aliachwa kwenye benchi la nje ya sinema, amefungiwa mlango. Alisikia kicheko kikipanda, kikavuma, kikashuka. Pakawa kimya. Halafu, kutoka kwa mamia ya watu kwa pamoja, ikatoka sauti moja ndefu: "Aaaa!" Wamesikia. Wamejua kuhusu kiti.

Mama alitoka akiwa na kisanduku kilichojaa kadi, hakuna hata moja iliyoondolewa. Akaketi kando yake.

"Bado nina kazi yangu," alisema. "Na adhabu yako haijaisha, usijidanganye."

"Nilitaka kukusaidia, mama."

"Najua, mpenzi wangu. Lakini uliniziba masikio. Mtu akinieleza kosa langu, ananipa njia ya kulirekebisha. Ukinificha ukweli ili nisiumie, unaniacha nipapase gizani peke yangu. Siku nyingine niletee kadi zote, hata zile chungu. Hasa hizo."

Opal alitikisa kichwa kukubali. Mama akafungua kisanduku na kumpa nusu ya kadi, wakaanza kusoma.