Diski ya Nne

Simu ya Najim ilitetema saa nne asubuhi.

"Nanasi limeiva Kerege," ilisema sauti ya Mkuu wa kikosi chao cha polisi wa dawa za kulevya, kwa fumbo lao la kuamuru uvamizi. "Likatwe kabla ya adhuhuri."

Dakika kumi na mbili baadaye Najim aliupiga teke mlango wa ghala la Kerege, bastola ya Beretta mkononi.

Patupu.

Wasafirishaji wa heroini walikuwa wametoroka. Waliiacha kompyuta yao inayotumia mfumo wa Linux, yenye diski tatu zilizosomeka ndani ya mashine hiyo tu. Humo mlikuwa na jina la mahali ambapo boti yao ingeshusha mzigo saa sita.

"Mkuu, nimeipata mashine."

"Usiiguse. Adila wa kompyuta yuko njiani."

Adila. Kila mara Adila. Walikula kiapo siku moja. Sasa mwenzake alikaa meza moja na Mkuu, yeye akivunja milango.

Wivu ukamkaba. Akachomeka flashi yake nyuma ya mashine ili anakili siri zote mwenyewe, kisha akaiwasha.

Kioo kikaandika kuwa mfumo haupatikani. Kikaganda.

Adila aliingia akihema. "Vipi, Najim?"

"Imegoma." Flashi hakuitaja.

Adila akapiga magoti, akaandika amri moja baada ya nyingine. Saa tano na nusu jasho lilikuwa limelowesha mtandio wake.

"Inautafuta mfumo kwenye diski ya pili," alisema. "Haumo."

Najim alifurahi. Alijionea haya, lakini alifurahi.

"Halafu diski ni tatu. Mbona mashine inahesabu nne?"

Redio ikakoroma. Alikuwa Ishaka, wa doria ya baharini. "Boti yao naiona. Niwawahi wapi, Mbegani au Mlingotini? Nina watu wanne tu."

Adila akaitazama saa, akarudia amri ileile.

"Ni mimi," Najim akasema. "Nimechomeka flashi kwa nyuma. Imehesabiwa ya kwanza, diski zote zimesogea namba."

Adila akamgeukia. "Kwa nini?"

"Nilitaka niwe wa kwanza mimi."

"Ichomoe."

Akaichomoa. Adila akawasha upya. Namba zikarudi mahali pake, mashine ikaamka, jina la mahali likatokea.

"Mlingotini, Ishaka. Nenda."

Saa sita na dakika tano jibu likaja: mzigo umekamatwa, watu watano wako chini ya ulinzi.

Mkuu akapiga simu. "Hongera, Adila. Nani aligundua hitilafu?"

Adila alimtazama Najim.

"Najim," akasema.

Hilo lilimchoma kuliko sifa zote alizowahi kunyimwa. Hata kwa uungwana Adila alikuwa amemshinda.

Najim akaisunda bastola kiunoni, akavaa miwani yake ya jua, akatoka kuelekea barabarani bila haraka.