Mama Alinifungia Stoo Siku ya Safari ya Hoi An

Ka.

Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia kwanza. Ka. Kisha mnyororo ukaburuzwa juu ya mlango wa chuma, na giza likanikuta nimeshika begi mkononi.

Nilidhani ni upepo. Lakini upepo haufungi kufuli.

"Nani huyo? Kuna mtu humu ndani..."

Nikausukuma mlango.

Halafu sauti ninayoijua kuliko zote duniani ikapenya kwenye ufa wa mlango.

"Nisamehe, mwanangu. Kaa humo. Ukipiga kelele, umeniua."

Alikuwa mama. Mama yangu mzazi, Theodosia, muuza maharage hapa Kasulu. Dakika mbili kabla alikuwa ameniambia kwa upole, "Venanti, begi lako liko stoo, nyuma ya magunia." Nikaingia kama mbuzi anayefuata chumvi.

Nyie mnaonisoma kwenye ukurasa huu mnanijua. Mimi si mtu wa kutishwa. Ushairi nimejifundisha mwenyewe, mizani nimehesabu kwa vidole nikichunga mbuzi, na aliyenicheka nilimjibu kwa beti mpaka akanyamaza. Lakini siku ile, kwenye stoo isiyo na dirisha, niliogopa.

Ngoja niwaeleze nilikuwa naenda wapi.

Hoi An. Mji wa kale wa pwani, kule Vietnam. Kuta za njano, daraja la zamani lenye paa, taa za hariri zinazowashwa mwezi ukiwa mpevu. Nilikuwa naenda wiki ya mwisho ya Februari, baridi yao ikiwa inaishia na mvua imebaki ya manyunyu. Nilikuwa nimesoma kila kitu. Nyuzi joto kumi na nane, yaani asubuhi ya Juni hapa hapa Kasulu. Nilinunua sweta la mtumba, la kijani. Kwenye daftari nilichora ramani ya mitaa, nikaweka alama kwenye daraja, pale nitakaposimama kughani shairi langu mbele ya washairi vijana wa dunia.

Mchongo ule aliniletea Niyonkuru.

Niyonkuru ni rafiki yangu tangu utoto. Kwao ni Mabamba, kule Kibondo mpakani. Tulisoma dawati moja. Alisafiri Asia mwaka juzi, akarudi na simu kubwa na maneno machache. Akaniambia kuna kongamano, nauli wanalipa wenyeji, siku saba narudi.

"Kaka, wewe ni mshairi," aliniambia. "Utaozea kwenye magunia ya maharage mpaka lini?"

Maneno hayo yalinipata penyewe. Nikampa pasipoti yangu akashughulikie viza.

Nikaandika na shairi, nikaliweka hapa, nikamtaja na aliyeniletea safari. Wengi wenu mlilipenda, mkalisambaza:

*Nenda uione pwani, yenye taa za hariri,*
*Mji wa tangu zamani, wenye kuta za fahari,*
*Usibaki kijijini, ukingojea habari,*
*Kijana funga safari, dunia haisubiri.*

Likumbukeni shairi hilo. Tutalirudia.

Mtu wa kwanza kunionya alikuwa Abdulrahmani, mwenye duka la vitenge. Mama anauzia maharage barazani kwake, na stoo hii ni yake. Ndugu zake wa pwani hufuata mali mpaka China, kwa hiyo tiketi anazijua. Aliitazama ya kwangu kwenye simu, akavua miwani.

"Kijana, hii ina kwenda. Kurudi iko wapi?"

"Nitapewa kule kule."

"Nani alikwambia?"

"Mzee, kama unaona wivu, sema tu."

Aliirudisha miwani usoni.  Ndugu zangu, nilimwambia hivyo mtu wa umri wa baba yangu.

Halafu jioni ya kuamkia safari Niyonkuru akapiga. Mpango umebadilika, hatupiti Dar. Kesho saa nne atakuja na gari aina ya Noah, tutapita Kibondo, Mabamba, tuvuke Burundi, ndege tutaipandia huko.

Mama alikuwa anachambua maharage. Mkono wake ukasimama hewani.

Alivuka pale Mabamba mwaka sabini na mbili akitoka Burundi, akiwa mgongoni mwa bibi, watu nyuma yao wakiuawa. Uraia wa nchi hii ameupata akiwa mtu mzima, na karatasi yake anailaza chini ya mto.

"Anayeenda kwa heri," alisema polepole, "hapiti njia ya waliokimbia."

Nilicheka. Asubuhi yake akanifungia.

Basi nikiwa humo ndani nikasikia gari likisimama nje. Milango miwili ikafunguka. Miwili, si mmoja.

"Mwakeye, mama." Huyo Niyonkuru, na salamu ya asubuhi ya kwetu.

"Mwakeye. Kaa, mwanangu. Venanti ameenda kuaga kanisani, anakuja."

Nikafungua mdomo nimwite. Kaka, niko humu, nitoe! Ulimi ulikuwa tayari...

Simu yangu ikaita. Ilikuwa inachajiwa kaunta, hatua tatu kutoka aliposimama. Alikuwa ananipigia yeye mwenyewe.

"Si simu yake hii?" akauliza.

"Ndiyo yake," mama akajibu. "Kanisani huendi na simu."

Nikasikia mtu wa pili akitembea. Viatu vizito. Alipita barazani, akazunguka nyuma ya duka, akasimama. Kwenye mwanga mwembamba chini ya mlango vikaonekana vivuli viwili vya miguu.

Akalishika kufuli. Akalivuta. Mara moja. Mara mbili.

Kwa nini sikupiga kelele? Kwa sababu alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya chini, na nilimsikia akisema: "Wa sita tunamchukua sasa hivi. Ana nguvu. Huyu hata simu hatembei nayo."

Wa sita. Ana nguvu. Hivyo ndivyo mnavyomwongelea mshairi?

Kufuli lile nililokuwa nalilaani, nikaanza kuliombea lisikatike. Nilijibana nyuma ya magunia, nikauma mkono wa sweta langu la kijani ili pumzi isisikike. Jasho lilinitoka kama nalima.

Viatu vikaondoka.

Kule mbele mama alikuwa anamimina kitu.

"Huu ni mutobe, maji ya ndizi mbivu," akasema. "Nimekamua mwenyewe."

Kwetu kuna desturi, na anayeivunja haaminiki tena. Ukimkaribisha mtu kinywaji, unaonja wewe kwanza mbele yake, aone hakuna sumu, ndipo unampa. Nilimsikia mama akimeza. Kisha kikombe kikawekwa mezani.

"Nimeonja. Kunywa."

Niyonkuru akanywa.

"Sasa ni zamu yako," mama akasema. "Na wewe unamnywesha mwanangu. Unamnywesha safari. Onja kwanza."

"Sijakuelewa, Mama Venanti."

"Mdogo wako Mpawenimana ana pasipoti. Nimeongea na mama yako asubuhi hii. Anasema yule kijana amekuomba safari hii mara tatu, na mara tatu umemkatalia. Gari lina nafasi. Mpitie hapo Mabamba, waende wote wawili na Venanti."

"Mpawe haendi huko."

Alijibu haraka mno. Jibu lilimtoka kama chafya.

"Kwa nini haendi?"

"Bado mdogo."

"Ana miaka ishirini na nne. Venanti ana ishirini na sita."

"Mama, naomba tuache..."

"Onja, Niyonkuru."

 Nilisikia hata cherehani ya jirani ikisimama. Halafu rafiki yangu, mtu wa dawati langu, akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mpawe sitampeleka kule hata mkinichinja."

Humo gizani nikayarudia maneno yake. Hata mkinichinja. Lakini mimi, ndiyo. Mimi alikuwa amenipangia siti.

Viatu vizito vikarudi. "Wewe, tunachelewa. Yuko wapi mtu wetu?"

Hapo ndipo Abdulrahmani alipofungua mdomo, taratibu kama anapima kitenge.

"Bwana mgeni, gari lako nimelipiga picha, namba inasomeka vizuri. Sura yako pia. Nimeshazituma polisi na kwa wenzangu wote wenye maduka, kutoka hapa mpaka Kibondo. Chai utakunywa, au unaondoka?"

Mlango wa Noah ukabamizwa. Gari likaondoka kwa kasi, likamwacha Niyonkuru barazani.

Mama hakunifungulia mara moja. Alimleta Niyonkuru mpaka mlangoni pa stoo, naye Niyonkuru akaongea na mimi kupitia ule ufa. Nadhani uso kwa uso asingeweza.

"Venanti... Hoi An ni mji kweli. Lakini mimi sikufika, na wewe usingefika. Wanakushusha kwingine. Kuna ukuta, kuna waya. Unafungiwa kwenye kompyuta usiku na mchana unatapeli watu. Ukikataa, wanakupiga kwa umeme. Waliniachia kwa sharti la kuwaletea sita badala yangu."

"Wa kwanza ni nani?" nikauliza.

Nikaupiga mlango kwa kiganja.

"Niyonkuru, wa kwanza ni nani?"

"Fidele."

Nikakaa chini.

Fidele wa Kagerankanda. Mwanafunzi wangu. Kijana wa miaka ishirini na moja niliyemfundisha vina na mizani kwenye simu, bure, kwa sababu alikuwa na moto kama wangu. Aliondoka wiki tatu kabla ya siku ile. Alikuwa ananiandikia kila jioni, "Njoo kaka, huku kuzuri," na picha ya taa. Maneno yale yale kila siku. Na mimi, mwalimu wake, sikujiuliza: mtoto asiyeweza kuomba maji bila kutia kina, tangu lini anaandika hivyo?

Niliona wivu tu kwamba amenitangulia.

"Ulimpataje?" nikauliza. "Hata hamkuwa mnajuana."

"Sikumtafuta, Venanti. Alinitafuta yeye. Wote watano walinitafuta wenyewe." Akasogea karibu na ufa. "Wote walikuwa wamesoma shairi lako."

Ka. Kufuli likafunguka.

Nilitoka, jua likanipiga usoni. Niyonkuru alikuwa amepiga magoti, pasipoti yangu ameishika kwa mikono miwili kama anayetoa sadaka. Ngumi yangu ilikuwa tayari. Mama akaishika.

"Kwanza polisi," akasema. "Ngumi haimrudishi Fidele."

Tulikwenda, sote wanne. Wanne kati ya wale watano walikuwa hawajavuka mpaka, wamerudishwa makwao. Niyonkuru yuko mikononi mwa sheria, na kila anachokijua anakisema. Fidele bado.

Mzee Abdulrahmani nimemwomba radhi. Aliniambia, "Wivu wangu ni huo huo, utaendelea." Tukacheka, yeye zaidi.

Ndugu zangu, miji ya kale ipo na ni mizuri, na kuitamani si dhambi. Ila anayekukaribisha safari mwambie aonje kwanza. Je, ndugu yake wa damu angempandisha gari hilo hilo? Akisita, shuka.

Na mwenye kalamu, onja na wewe. Mimi niliwamiminia watu mji ambao sikuwahi kuuona.

Jioni ya siku ile ile ya stoo nilikwenda Kagerankanda na mama, kwa mzee Leonidasi, baba yake Fidele. Hakuwa anajua lolote. Picha ya taa ameiweka usoni mwa simu yake. Akatuwekea viti, akamimina mutobe, akaonja, akanikabidhi kikombe.

"Mwalimu wa mwanangu," akasema akitabasamu. "Fidele ameandika na leo. Anasema huko kuzuri."

 Nikakiweka kikombe chini, nikamwambia yote. Shairi, Niyonkuru, ukuta, waya. Sikuacha kitu.

Mzee aliitazama simu yake muda mrefu.

"Sasa huyu anayeniandikia kila jioni," akauliza, "ni nani?"

 Nikasimama, mama akishuhudia, nikasema kwa sauti wakasikia mpaka majirani:

"Mzee Leonidasi, shairi lile nimelifuta. Kila aliyelisambaza nitamfuata mpaka mlangoni kwake nimwambie ukweli. Jina la Fidele litakuwa mstari wa kwanza wa kila shairi nitakaloandika, na kila ofisi nitabisha hodi mpaka wanichoke. Kikombe hiki sikinywi mimi. Kifunike, ni cha Fidele. Kikichacha nitaleta ndizi, tutamkamulia kingine, na kingine, mpaka akae kwenye kiti hiki akinywe mwenyewe."