Kipimo cha Macho

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kunywa maji, Sumaku alipiga magoti kwenye sakafu ya karakana na kuanza kazi yake. Mkononi alishika kipande cha sumaku kilichotolewa kwenye redio mbovu, na hicho ndicho kilichompa jina la utani. Alikipitisha chini ya cherehani ya shangazi yake, akakipitisha chini ya kigoda cha baba yake, na kila alipokiinua kilikuwa kimeota ndevu za pini na misumari midogo. Pini zilirudi kwenye kopo la shangazi, misumari kwenye kopo la baba. Ilikuwa kazi ndogo, lakini ole wake mteja aliyeingia pekupeku siku ambayo msichana huyo anaumwa!

Chumba kilikuwa kimoja na mafundi walikuwa wawili, kaka na dada, tumbo moja. Mama yao ndiye aliyewaachia chumba hicho. Baba alitengeneza viatu upande wa mlango, shangazi alishona nguo upande wa dirisha, na kutwa nzima walitaniana hata wateja wengine wakawa wanaingia kusikiliza tu. Shangazi alikuwa na sharti moja: hakati kitambaa bila kupima. Hata mteja aliyemzoea kwa miaka kumi angesema, "Kata tu, dada, si unanijua?" Naye angemzungushia futi kiunoni na kumjibu, "Macho ni ya kutazamia. Futi ndiyo ya kupimia. Simama wima."

Kisha ukaja uchaguzi.

Shangazi alimpenda mgombea aliyeitwa Fagio, aliyekuwa akipanda jukwaani na fagio la kweli na kuahidi kuwafagia wezi wote maofisini ndani ya wiki moja. Baba alimpenda mpinzani wake, mama mmoja aliyeitwa Nyundo, aliyeahidi kuvunja kila mlango aliofungiwa mnyonge. Wote wawili walikuwa na sauti za kupasua vipaza sauti. Mwanzoni ulikuwa mzaha. Halafu baba akabandika picha ya Nyundo kwenye mlango wa kabati, shangazi akabandika ya Fagio ubavuni mwa cherehani, na mzaha ukaingia shubiri. Kufika wiki ya pili, walikuwa hawasemezani ila kupitia kwa mtoto.

"Sumaku, mwambie baba yako gundi yake inanuka."

"Sumaku, mwambie shangazi yako imenuka hivyohivyo miaka kumi na tano."

Na wenyewe wamekaa hatua tatu tu!

Jumatatu shangazi alisema neno ambalo halikuwa la mzaha. Alikuwa amepata chumba kingine, mtaa wa pili, na Jumamosi watu wa mkokoteni wangekuja kuchukua cherehani. Baba aligonga soli kwa nguvu mpaka msumari ukapinda. Sumaku aliinamia sakafu ili wasimwone akilia. Aliwapenda wote wawili, na hakuweza kukifikiria chumba kile kikiwa na kopo moja.

Kesho yake, katika somo la Uraia, mwalimu aliwapa kazi. Kila mwanafunzi awaulize watu wazima wawili wenye wagombea tofauti kwa nini wanawapenda wagombea hao, kisha aandike majibu yao. "Msiandike jina wala kazi ya mtu," alisema. "Na msitie chumvi."

Sumaku aliona kazi hiyo ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Hakuhitaji kumuuliza mtu. Kwani hakusikia kila siku? Baba alisema dada yake amevutwa na makelele ya Fagio. Shangazi alisema kaka yake ni mkaidi tangu utotoni, angependa chochote anachokikataa mwenzake. Jioni hiyo akaandika: "Wa kwanza anampenda mgombea wake kwa sababu anapenda makelele. Wa pili kwa sababu ni mkaidi." Akaongeza kwa mwandiko mzuri: "Wote wawili wamedanganywa."

Jumatano mwalimu alimwita mezani.

"Uliwauliza wenyewe?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Sumaku. Mwalimu akamtazama machoni, na mtazamo huo ukamchoma kuliko fimbo. "Hapana, mwalimu. Nimeandika wanavyosemana."

"Afadhali umesema kweli. Sasa rudi ukawaulize. Mmoja mmoja, mwenzake asisikie. Usibishane nao. Ukimaliza kuandika, msomee kila mmoja maneno yake. Akisema, 'Ndivyo nilivyosema,' atie sahihi. Asiposema hivyo, futa uandike upya."

Sumaku alirudi amenywea. Alhamisi alimpata shangazi peke yake, baba akiwa amekwenda kununua ngozi. Shangazi alicheka kwanza, akasema mambo ya wakubwa. Kisha akaacha kuzungusha gurudumu, akasema polepole, na Sumaku akaandika. Ijumaa asubuhi, kabla ya shule, alitembea na baba yake kutoka nyumbani hadi karakana, naye baba akasema polepole vilevile. Sumaku aliandika amesimama, daftari likiwa juu ya mkoba, na shule alifika mbio kengele ikilia.

Jioni ya Ijumaa alikuta vitambaa vya shangazi vimekwisha kufungwa kwenye mashuka. Alitoa karatasi mbili. Hazikuwa na majina, basi akashika moja akidhani ni ya baba. Akamkaribia na kuisoma kwa sauti ya chini:

"Kazi yangu naijua tangu ujana. Siku hizi watu wananunua vilivyo tayari, vikiharibika wanatupa, hata havijapata fundi. Nilikwenda ofisini kuomba nafasi sokoni. Nilikaa kwenye benchi tangu wanafungua mpaka wanafunga, siku nne. Karani hakuniinulia hata macho. Nilijiona kama mzigo uliosahauliwa. Siku mgombea huyu aliposema jukwaani, 'Nyinyi mnaokaa kwenye mabenchi,' nilihisi kuna mtu ameniona."

Baba alikuwa ameweka nyundo chini. "Ndivyo nilivyosema," alisema. "Umeandika vizuri sana, mwanangu. Lete nitie sahihi."

Alikuwa amekwisha kuandika nusu ya sahihi yake pale gurudumu la cherehani liliposimama.

"Unatia sahihi maneno yangu," alisema shangazi.

Sumaku aliitazama karatasi. Ilikuwa na alama ya chaki ya kushonea pembeni. Kweli, alikuwa amekosea! Haraka akaisoma ile ya pili. Humo pia mlikuwa na watu wanaotupa badala ya kutengeneza. Mlikuwa na benchi. Mlikuwa na karani asiyeinua macho, na mama mmoja jukwaani aliyesema, "Najua mmesubiri."

Kwa mara ya kwanza baada ya wiki mbili, baba alimgeukia dada yake mwenyewe, bila tarishi.

"Benchi gani?"

"Lile la mguu uliolegea."

"Linalokutaka uegemee ukutani..."

"...la sivyo linakumwaga!" alimalizia shangazi.

Baba alicheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni. "Siku nne, dada yangu, na mimi uliniaga unafuata vitambaa? Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Na wewe je, uliyekuwa ukiaga kwenda kununua ngozi?"

"Niliona haya," alisema baba. Sumaku hakuwahi kumsikia baba yake akisema neno hilo. "Mkubwa mzima nakaa kutwa, narudi mikono mitupu. Nikikuona hapa unaimba na cherehani yako, nikadhani mwenzangu mambo yake safi. Nilipokuona umepanda kwenye makelele ya Fagio..."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alisema shangazi, akijifuta macho kwa pindo la gauni la mteja. "Kumbe sisi tumelala kitanda kimoja, na kila mtu anajikuna kivyake."

Wakacheka mpaka shangazi akashika mbavu. Sumaku alicheka pia, ingawa machozi yalimtoka.

Usidhani walikubaliana. Dakika kumi hazikupita, baba alikuwa anauliza mtu mmoja atafagiaje ofisi zote kwa wiki, na shangazi anauliza mlango ukivunjwa kwa nyundo nani atautengeneza. Lakini sasa waliulizana uso kwa uso. "Kwa kweli sijui," alikiri shangazi. "Twende tukawaulize wagombea wenyewe," alisema baba.

Asubuhi ya Jumamosi watu wa mkokoteni walifika. Shangazi aliwaomba radhi kwa usumbufu, kwa kuwa hahami tena, akawasihi wamsaidie kidogo kabla hawajaondoka: waisogeze cherehani hatua moja pembeni, mwanga wa dirisha ufike kwenye kigoda cha kaka yake. Baba naye alichukua nyundo na misumari minne mirefu, akaenda ofisini, kwa kuwa Jumamosi hufunguliwa nusu siku. Hakuomba kitu. Alilipindua benchi, akaukaza mguu uliolegea. Kwa kelele ile, alisimulia aliporudi, karani aliinua macho.

Sumaku alikuwa sakafuni akikusanya pini. Shangazi alivua futi shingoni na kumvisha yeye.

"Mwanangu, nimepima watu maisha yangu yote, na ndugu yangu nikampima kwa macho. Nilimwona mkaidi, akaniona mpenda makelele. Ukimwona mtu amemfuata mgombea usiyempenda, usikimbilie kusema ni mjinga. Muulize kinachomuuma, umsikilize mpaka akuambie, 'Ndivyo nilivyosema.' Na anayekuomba kura naye apimwe. Kuyaona maumivu yetu ni jambo jema, lakini muulize: utayatibu vipi? Asipokuwa na jibu, ana sauti tu."

"Sumaku," aliita baba kutoka kwenye kigoda, "mwambie shangazi yako amesema kweli."

"Mwambie mwenyewe!" alisema Sumaku.

Naye akamwambia.