Nishikie Nafasi, Nakuja

Haya yalimpata shangazi yetu, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye tangu tumjue hajawahi kuogopa giza, mbwa wala mwenye nyumba. Kazi yake ni kushona mapazia, na utani wake kwa wateja ni kwamba aibu za mtaa mzima amezifunika yeye. Mumewe ni fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na magoti mabovu.

Mwaka ule kitinda mimba wao, binti, alichaguliwa kukimbia marathoni kwenye mashindano ya dunia. Wazazi wakasafiri hadi mji mkubwa uliokuwa mwenyeji, wakapewa viti jukwaani, mbele kabisa ya mstari wa kumalizia.

Siku ya mbio ilikuwa njema. Bendera zilining'inia kila dirisha. Watu wamejipaka rangi za nchi zao usoni, wanapiga picha na wasiowajua, wanacheka kwa lugha ambazo Shangazi hakuelewa hata moja. Wakimbiaji walikuwa ndio kwanza wameondoka, na wangechukua muda kufika pale. Mumewe alitaka kukaa tu apumzishe magoti. Lakini Shangazi kukaa bure humuwasha. Akaaga kwamba anakwenda kuutazama mji kidogo, atarudi kabla mtoto hajafika. Mumewe akamwambia asije akapotea. Akamjibu kwamba kwa watu wote hawa, hata akitaka kupotea hatapata pa kupotelea.

Akazurura. Alisimama mbele ya hoteli kubwa akayakosoa mapazia yao kimoyomoyo, mikunjo imebanwa na pindo limevutika upande mmoja. Aliambaa na uzio wa chuma uliowekwa kando ya barabara kuwatenga watazamaji na wakimbiaji. Kila alipotaka kuvuka, askari alimwonyesha kwa mkono aende mbele. Akaenda mbele. Akakata kona, akakata nyingine, na kelele zikawa zinabaki nyuma.

Ndipo akaingia mtaa wenye maghala marefu yaliyofungwa. Uzio ulikuwepo hapa pia, na watazamaji wamejipanga bega kwa bega, mikono juu ya chuma, macho barabarani. Walikuwa wengi. Hakuna aliyekuwa akizungumza.

Bwana mmoja wa makamo, ndani ya suti ya kijivu, aligeuza shingo akamwona.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini, "nishikie nafasi. Nakuja."

Ni neno la kila siku. Nani hajawahi kumshikia mwenzake nafasi kwenye foleni ya bomba au ya hospitali? Shangazi akasema sawa. Bwana akatoka, yeye akaingia penye pengo, akaweka mikono juu ya chuma. Kilikuwa na joto, kama godoro ambalo mtu ameinuka sasa hivi.

Alipogeuka kumtazama, bwana yule alikuwa amesimama katikati ya njia, akiigeuzageuza mikono yake kama kitu alichopewa sasa hivi. Kisha akaanza kukimbia. Alikimbia huku akilia, wala hakutazama nyuma.

Shangazi alisubiri. Akaona ajabu kidogo kwamba mtaa mzima hapakuwa na mtu aliyeshika simu wala aliyekohoa. Akainamisha macho. Majani makavu yalikuwa yamejaa miguuni pa watu, yamewafunika hadi vifundoni, kama yanavyojaa kwenye nguzo ambazo hazijawahi kuondolewa.

Kushoto kwake alisimama bibi mmoja mfupi. Uso ameuelekeza barabarani, shavu la upande wa pili halionekani. Bibi hakumtazama. Alinong'ona tu.

"Amekuomba?"

"Ndiyo, mama. Kasema anakuja."

"Nawe ukamkubalia."

"Nikasema sawa."

Bibi akafumba macho. "Pole, mwanangu."

Shangazi hakulipenda neno lile. Akaachia chuma, akaondoka. Hakuna aliyemzuia. Alitembea hadi mwisho wa mtaa, akakata kona, na mbele yake akaona maghala marefu yaliyofungwa, mstari wa watu, na pengo moja kando ya bibi mfupi.

Akarudi alikotoka. Kona. Maghala. Pengo.

Akavua viatu akakimbia, mama mzima, pumzi zinamkata. Kona. Pengo. Akapanda uzio aukimbilie upande wa pili wa barabara. Alipotua, mikono yake ilikuwa imeshika chuma kilekile, na bibi yuko kushoto kwake.

Jua halikuwa limesogea.

Aliita. Alimwita mumewe, akamwita mtoto, akaita askari. Sauti ilitoka kinywani ikaishia hapo hapo, kana kwamba ameiitia ndani ya mto wa kulalia. Watu wale hawakushtuka. Inaelekea kila mmoja wao aliwahi kuita.

Aliponyamaza, alimwuliza bibi mtu anatokaje. Bibi akamweleza bila haraka, kama anayeelekeza duka. Hutoki mpaka mwingine akubali kukushikia. Umwombe, naye akubali kwa kinywa chake. Shangazi akamwuliza yeye mbona hajamwomba mtu.

"Mimi niliwekwa na mwanangu," bibi alisema. "Alisema anakuja. Sasa nikiondoka, akirudi atamkuta nani?"

Haukupita muda, akaja mama kijana na mtoto mgongoni. Amechoka, amepotea, anatafuta mahali pa kusimama. Akatabasamu. Shangazi alihisi mstari mzima ukivuta pumzi. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini.

"Dada, ni..."

Mtoto akachungulia juu ya bega la mama yake, akamkodolea macho.

Shangazi akauma ulimi mpaka akaonja damu. Mama kijana akangoja kidogo, asisikie la zaidi, akapita zake. Alipokata kona, hakurudi. Yeye njia ilimwachia.

Kisha ukasikika mshindo kutoka mbali, makelele ya maelfu ya watu kwa pamoja. Shangazi akajua wakimbiaji wanamaliza. Mwanawe alikuwa anapita mahali, na yeye hayupo.

Akalia. Na alipokuwa analia hivyo, akasikia mwendo anaoujua, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Mumewe.

Alikuwa amelowa jasho. Akasema mtoto amemaliza salama, anauliza mama yuko wapi, nao wamemtafuta huku na huku. Hakumtazama bibi wala mtu mwingine yeyote. Akasogea karibu, akaona machozi, akadhani ni uchovu wa kusimama.

"Mama watoto, unasubiri nini hapa? Kama kuna nafasi unaitunza, nipe mimi niishike. Wewe nenda kwa mtoto."

Akanyoosha mkono kwenye chuma.

Shangazi akampiga. Tangu waoane hawajawahi kunyoosheana hata kidole, lakini aliupiga mkono ule kwa nguvu zake zote. Akamwambia asiguse. Asiseme neno. Arudi nyuma, kama anampenda arudi nyuma. Yule mzee akarudi nyuma, mkono ameushika kifuani, anamtazama mkewe kama anavyotazamwa mgonjwa.

Hapo bibi akasogea. Ni kidogo tu, majani yakachakarika miguuni pake kwa mara ya kwanza. Akaachia mkono mmoja, akauweka juu ya chuma mbele ya Shangazi.

"Niombe mimi," akanong'ona. "Mimi siendi popote."

"Na mwanao akirudi?"

Bibi akakaza mkono juu ya chuma. "Akirudi atanikuta. Kutoka ndiyo sitaweza tena, nitakuwa nimeshika na nafasi yako. Niombe kabla sijabadili mawazo. Na usiniambie unarudi. Wote husema hivyo."

Shangazi akamwinamia, akamkumbatia, mwili mwepesi kama nguo tupu. Bibi akalaza shavu begani kwake. Shangazi akaomba. Bibi akasema sawa.

Na alipoachia chuma, kabla hajajizuia, mazoea ya ulimi yakamponyoka.

"Nakuja," akasema.

Vichwa vyote vya mstari ule vikageuka, vikamtazama kwa mara ya kwanza.

Alimshika mumewe mkono wakaondoka. Kona ile ikawatoa kwenye barabara iliyojaa watu, ngoma na bendera. Wakakaribia jukwaa. Ndipo mumewe akamwambia, taratibu, kwamba mtaa ule ulikuwa mtupu. Alimkuta amesimama peke yake kwenye uzio.

Binti yao alikuwa amekaa chini, miguu imemvimba, anacheka na kulia. Alimkumbatia mama yake, halafu akamgeuza.

"Mama, nani kakupaka rangi?"

Begani, juu ya gauni, palikuwa na alama ya shavu yenye mistari mitatu ya bendera. Binti alikuwa ameishi kambini na wanariadha wa kila taifa. Aliitazama sana. Hakuijua, wala wenzake aliowaonyesha hawakuijua.

Gauni hilo bado lipo, limetundikwa nyuma ya cherehani. Limeshafuliwa, limelowekwa, limeanikwa juani msimu mzima. Mwezi uliopita nilipita pale, nikaigusa ile mistari kwa ncha ya kidole.

Rangi ilinishika. Bado ni mbichi.