Mchezo Ambao Wegesa Hakuumaliza

Siku Mwalimu Athanas alipoondoka, wanafunzi wa darasa la sita walikuwa wakipalilia mahindi ya shule. Ndivyo kila asubuhi ilivyoanza katika ile shule ya kati ya misheni, nje kidogo ya Bomani, Tarime: jembe kwanza, kunawa, halafu hesabu. Lori la mahindi likasimama barabarani na kupiga honi. Mwalimu akatoka nyumbani kwake amevaa koti zito, ingawa jua lilikuwa limekwisha panda, na mke wake Kezia akamfuata na kikapu.

Alikuwa akipelekwa hospitali ya kifua, mbali kule upande wa Moshi. Kikohozi chake wanafunzi walikizoea, kama watu wanavyozoea mlango unaolia. Siku hiyo ndipo walipoona jinsi shingo yake ilivyokonda.

Hakumpa mtu mkono, kwa ajili ya ugonjwa. Alimwita Wegesa binti Heche, msomaji hodari kuliko wote darasani, akaweka vijitabu vitano vyembamba juu ya ukuta wa mawe, akarudi nyuma ili msichana avichukue.

"Ni michezo mifupi ya kuigiza," alisema. "Imeandikwa na watu wa siku hizi, walimu na makarani kama sisi, wengine wa huku, wengine wa ng'ambo ya ziwa. Mmoja ni wa mtu mmoja tu, anasema peke yake mwanzo hadi mwisho. Isome yote, kisha uwaambie wenzako upi unafaa siku ya wazazi, na kwa nini."

"Yote, Mwalimu?"

"Yote, hadi mstari wa mwisho. Mchezo ni kama ng'ombe wa mahari, binti. Hakubaliwi kwa kutazamwa pembe tu."

Alipanda lori, akaketi juu ya magunia, na lori likaondoka. Kezia alibaki kando ya barabara mpaka vumbi likatulia.

Tangu siku hiyo Wegesa akawa mtu mkubwa. Wenzake walimfuata mtoni na njiani. "Mkubwa wa michezo," walimwambia, "tuonjeshe basi." Naye aliwaambia wangoje, kazi ya kusoma si ya haraka. Kumbe kazi yenyewe hakuifanya. Kijitabu cha kwanza kilikuwa juu ya mtu aliyekataa kuchimba choo. Alisoma kurasa mbili akakifunga. Ule mchezo wa mtu mmoja ulikuwa wa mama anayepepeta ulezi huku akisema na mwanawe aliyekwenda vitani. Wegesa alisoma nusu ukurasa. "Mtu anaongea na ungo," alijisemea. "Nani atacheka?"

Cha tatu kiliitwa Mkwe na Chungu. Kilianza na kijana mwenye njaa aliyefika kwao mkewe wakati wa mvua, akajificha nyuma ya ghala kwa hofu ya kukutana na mama mkwe, huku kuku wakimdonoa miguu. Wegesa alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alifunga kijitabu papo hapo, akaenda kucheza na rafiki yake Gati. Vile viwili vilivyobaki hakuvifungua kabisa.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Nikolaus, ambaye sasa alifundisha madarasa mawili kwa mpigo, alikuja kuuliza.

"Nawapendekezea Mkwe na Chungu," Wegesa alisema, amesimama wima. "Unachekesha, na maneno yake si magumu."

"Umeisoma yote mitano?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na huo unaishaje?"

"Unaisha vizuri, Mwalimu. Wanapatana."

Mwalimu Nikolaus akaitikia kwa kichwa, akakimbilia darasa lile jingine ambako kelele zilikuwa zimeanza.

Kwa kuwa kijitabu kilikuwa kimoja, walijifunza sehemu moja kwa moyo kabla ya kugusa nyingine. Ryoba alikuwa mkwe. Gati alikuwa mama mkwe. Siku ya wazazi ilikuwa karibu sana walipofika mwisho. Gati alisoma, akasoma tena.

"Hapa mama mkwe anamshika mkwe mkono," alisema. "Anamvuta ndani. Anamkalisha kwenye kigoda chake, wanakula chungu kimoja. Mimi simshiki mkwe mkono."

"Si mkwe," Wegesa alisema. "Ni Ryoba."

"Wazee hawatamwona Ryoba. Watamwona mkwe."

"Na baba yangu atakuja na fimbo yake," Ryoba alisema. "Hiyo fimbo haiigizi."

Wote walicheka, kisha wakamtazama Wegesa. Alihisi masikio yakimwaka. Mtu aliyeandika mchezo ule alikuwa wa mbali, na huenda kwao mzaha wa namna hiyo haukumdhuru mtu. Lakini Tarime mwanamume akimwona mama mkwe wake njiani huacha njia. Mtoto yeyote alijua. Neno moja lingetosha: sikuumaliza. Wegesa alilitafuta ulimini, akalimeza.

"Mwalimu Athanas mwenyewe ndiye aliyeuchagua," alisema. "Aliniambia kabla ya kupanda lori."

"Kweli?" Gati aliuliza.

"Kweli."

Basi hapakuwa na ubishi tena. Nani angembishia mwalimu, tena mgonjwa?

Siku ya wazazi uwanja ulijaa. Wanawake waliketi upande mmoja, wanaume upande wa pili. Mokami, mama yake Wegesa, alikuwa mbele kabisa amejitanda kanga mpya. Machage, kijana aliyemwoa dada yake Wegesa msimu uliopita, alisimama nyuma kabisa karibu na ua, ili yeye na mama mkwe wake wasionane uso kwa uso.

Mwanzo watu walicheka vizuri. Ryoba aliruka kukwepa kuku wasioonekana, na wazee wakapiga magoti yao kwa viganja. Kisha Gati akatoka nyuma ya mkeka, akamshika Ryoba mkono, akamkalisha kwenye kigoda.

Kicheko kilizimika kama moto uliomwagiwa maji. Katika ukimya huo kijana mmoja mtundu akasema kwa sauti, "Machage, unangoja nini? Kigoda kile pale." Wenzake wawili watatu wakacheka. Machage akaruka ua akatokomea. Mokami alijifunika uso kwa kanga, akainuka, akapita katikati ya watu wote bila kugeuka.

Heche, baba yake Wegesa, akasimama.

"Nani amewafundisha watoto wetu haya?"

Alirudia. Ryoba, akiwa bado kwenye kigoda kana kwamba amegandishwa hapo, akasema, "Mwalimu Athanas, mzee. Ndiye aliyeuchagua."

"Tulimpa nyumba," Heche alisema. "Tukampelekea maziwa. Si mtu wa hapa, ni wa Nyambureti, tukasema haidhuru, mwalimu ni mwalimu. Kumbe alikuwa akitucheka. Basi asirudi, na nyumba ile ipewe mwingine."

Wazee wengine wakaguna kukubali. Walipatana wakutane kesho yake, Jumapili, baada ya ibada, wamtake Mwalimu Nikolaus apeleke habari kwa wakubwa wa misheni. Kezia alikuwa pale pale, ameshika mtungi wa maji aliowaletea waigizaji. Aliutua mtungi taratibu, akaenda zake.

Wegesa aliyaona hayo yote kutoka nyuma ya mlango wa darasa. Alitamani ukuta ungemmeza.

Asubuhi alimkuta Kezia kisimani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako ameamkaje?"

"Hajatoka ndani."

Kezia alijaza debe lake kidogo kidogo. "Nataka kukuuliza, wala si kwa ubaya," alisema. "Mwalimu ameishi hapa miaka mingi. Mimi nimemwona mara ngapi akiwakanya vijana wanaowatania watu mbele ya wakwe zao. Usiku kucha nimejiuliza alikosaje hili. Nikasema labda ni homa. Labda ilikuwa imekwisha mwingia kichwani, na mimi nililala naye nyumba moja nisijue."

Wegesa aliposikia hivyo, alilitua debe lake chini. Aliweza kuvumilia hasira ya baba yake. Lakini kumsikia mke akimlilia mume wake akili, kwa ajili ya uongo wake yeye, hilo hakuliweza.

"Si homa, Mama," alisema. "Hakuuchagua. Mimi ndiye niliyeuchagua, na sikuumaliza. Alinituma niisome yote nikamdharau. Gati alipokataa, nikamsingizia Mwalimu."

Kezia akafuta macho kwa upande wa kiganja.

"Afadhali," alisema. "Afadhali iwe uongo wako kuliko akili yake. Lakini waliosikia mume wangu akitukanwa si mimi na wewe tu, Wegesa. Ni uwanja mzima."

Akamtwika Wegesa debe lake kichwani, kama siku zote.

Wegesa alikwenda kwanza kwa Mwalimu Nikolaus. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Nami nilikuuliza mchezo unaishaje, nikaridhika na maneno mawili," alisema. "Hilo ni kosa langu, nitalisema mwenyewe. La kwako litasemwa na wewe."

Baada ya ibada wazee waliketi kwenye mabenchi ya darasa, na akina mama wakasimama dirishani. Mwalimu Nikolaus alisema la kwake, kisha akampisha Wegesa. Hakumtazama mtu, alitazama vidole vya miguu yake, akasema yote aliyoyasema kisimani. Sauti yake ilikuwa ndogo hata mzee mmoja akasema, "Rudia, hatusikii." Basi akalazimika kuyasema mara ya pili, na mara ya pili ilikuwa chungu kuliko ya kwanza.

Heche alikaa ameinamia fimbo yake. Mtu mwenye heshima kama yeye hakuzoea kuaibishwa na binti yake mbele ya rika lake.

"Wewe ulichonga mshale," alisema mwishowe, "na mimi nikaupiga. Nimempiga nao mgonjwa aliye mbali."

Akainuka, akaenda dirishani alikosimama Kezia. "Mama, maneno yangu ya jana nimeyarudisha, na hawa wote wasikie. Nyumba ni yenu. Maziwa yataletwa, na nitayaleta mimi mwenyewe, si mtoto."

"Nimesikia, mzee," Kezia alisema. "Asante."

Adhabu ya Wegesa aliitoa Mwalimu Nikolaus. Aliamriwa aisome michezo minne iliyobaki mpaka mwisho, kisha asimame mbele ya wazazi Jumapili iliyofuata, aeleze kila mmoja unahusu nini, unaishaje, na kama anaupendekeza. Safari hii alisoma kweli. Alisoma wakati wa kuchunga, akasoma jikoni mpaka ugali ukaungua.

Jumapili hiyo alieleza wa choo. Mwisho wake yule mkaidi anaugua tumbo, kisha anachimba choo kirefu kuliko cha jirani zake wote.

"Huo mwacheni bwana afya auigize," mzee mmoja alisema. "Ametuchosha bila mchezo."

Alieleza wa wachuuzi wawili wenye mzani mmoja, akasema mwanzo wake ni mzuri lakini mwisho umeharakishwa. Alieleza wa karani mlevi, akasema haufai kuchezwa na watoto. Kisha akafika kwa yule mama anayepepeta. Alisema kwamba mama huyo anamwambia mwanawe habari za nyumbani, ng'ombe aliyezaa, paa linalovuja, na anamgombeza kwa kukawia. Mwisho anamaliza kupepeta, anagawa ulezi katika vibakuli, na kimoja anakirudisha kwenye kapu.

"Kwa nini anakirudisha?" Gati aliuliza.

"Kwa sababu mwanawe hatakula. Alijua tangu mwanzo. Naupendekeza huu."

Dirishani walikuwapo akina mama ambao wana wao walikwenda Burma wasirudi. Mokami ndiye aliyesema. "Huo. Mtuchezee huo."

Gati aliuigiza kabla ya shule kufungwa, na hakuna aliyeondoka. Machage alisimama mahali pake karibu na ua mpaka mwisho.

Jioni hiyo Wegesa na mama yake walirudi nyumbani pamoja. Tangu siku ile ya aibu Mokami alikuwa amesema naye machache.

"Kutomaliza kitabu ni uvivu," alisema, "na uvivu una dawa, ni jembe. Lakini mtu asiyekuwepo hana mdomo, Wegesa. Ukimtwisha mzigo wako hawezi kuutua, wala hajui kwamba anaubeba. Kosa lako libebe mwenyewe lingali jepesi."

"Ndiyo, Mama."

"Aibu yangu mimi itapita. Wakwe husahau, hata wakikawia."

Kezia alikwenda kumtazama mumewe hospitalini baada ya mavuno, akamweleza mambo yote. Aliporudi alisema kwamba Mwalimu alicheka sana habari za bwana afya, mpaka muuguzi akaja. Kuhusu Wegesa, Mwalimu alisema tu, "Mwambieni aendelee kusoma."

Mvua zilipoanza, habari ikafika kwamba Mwalimu Athanas amefariki. Alizikwa huko huko. Wegesa hakupata kumwomba radhi uso kwa uso, na jambo hilo halikuwa na dawa.

Kezia amerudi kwao Nyambureti. Kiswahili cha darasa la sita sasa kinafundishwa na Mwalimu Nikolaus.